Somo la Historia Linahitaji Dadu

Mtoto wa Kitanzania anaweza kumaliza kidato cha nne, akapata alama A katika somo la historia, na asiwe amekutana na Mwafrika hata mmoja anayeamua jambo.

Waafrika atakuwa amekutana nao wengi. Atawakuta wakihama kwa sababu tano, wakijenga dola kwa sababu sita, wakishindwa na wakoloni kwa sababu saba. Sababu hizo atazikariri kwa mpangilio, kila moja na kichwa chake kilichopigiwa mstari, na kwenye chumba cha mtihani atazimwaga. Akisahau moja anapoteza alama. Majina nayo atayakuta: Mirambo, Mkwawa, Kinjekitile. Lakini yanapita mbio kama vituo vinavyotajwa na kondakta wa daladala. Hatuambiwi kwamba usiku ule kabla ya mapambano mtu huyu alijua nini, hakujua nini, na alikuwa na njia ngapi mbele yake. Mtu hayumo. Zimo sababu.

Nasomea shahada ya uzamili ya historia, kwa hiyo siongei kama mpita njia anayeitupia mawe nyumba ya wengine. Sababu zina kazi yake. Ukame, bei ya pembe za ndovu, bunduki, maradhi ya mifugo: bila hivyo huelewi kitu. Lakini sababu pasipo mwamuzi ni nusu ya historia, na ni ile nusu inayowafanya watu waonekane kama magogo yanayochukuliwa na mto. Ugomvi wangu uko hapo. Na dawa ninayoipigia debe inachekesha ukiitamka mbele ya maprofesa: michezo ya vita ya mezani. Askari wadogo, rula na dadu.

Kwa asiyeifahamu, ni hivi. Watu wawili wanakaa kwenye meza iliyogeuzwa uwanja wa mapambano, yenye vilima, mito na misitu ya kuigiza. Kila mmoja ana jeshi la wanasesere wenye kimo cha sentimita moja na nusu, au karibu tatu. Wanawasogeza kwa kupima na rula, na matokeo yanaamuliwa na kanuni pamoja na dadu. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa namna hii wa kuwafunzia maofisa wa jeshi. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akachapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kuchezea askari sakafuni. Na mwaka 1990 zikatoka kanuni ninazozipenda kuliko zote, De Bellis Antiquitatis za Phil Barker na wenzake, zinazohusu vita vya ulimwengu wa kale na wa kati. Uzuri wake ni ufupi. Kila jeshi lina vikosi 12 tu. Kila zamu unarusha dadu, na namba inayotokea ndiyo idadi ya amri unazoweza kutoa. Ukipata sita, jeshi linakusikia. Ukipata moja, unasogeza kundi moja tu na wengine wote wanasimama wakikutazama. Ukipoteza vikosi vinne wakati adui amepoteza vichache zaidi, mchezo umekwisha.

Likizo iliyopita nilizichukua kanuni hizo, nikazirahisisha, nikaziandika upya kwa Kiswahili na kwenda nazo nyumbani Mbangala. Ni kata iliyoko wilaya ya Songwe, mkoa wa Songwe, upande wa Ziwa Rukwa, nchi ya ufuta na machimbo ya dhahabu. Wanasesere wa kununua hatukuwa nao. Tulikuwa na udongo wa kichuguu, ambao kila mtoto wa kijijini amewahi kuufinyangia ng'ombe na magari. Tulikuwa na vizibo vya soda, ambavyo kila kijiwe cha drafti nchini kinavyo. Tulifinyanga askari, tukawakausha kivulini wasipasuke, tukawagandisha juu ya vizibo: vizibo 12 vya Kushi, vizibo 12 vya Roma. Uwanja ulikuwa boksi kubwa la televisheni lililokunjuliwa, na Mto Nile tuliuchora kwa makapeni ya bluu. Wachezaji walikuwa vijana wanane wa sekondari, waliokuja kwa kudhani ni tuisheni.

Kwa nini Kushi, na si vita vya huku kwetu? Kwa sababu nilitaka mambo ya kale, na kwa sababu vita hii ina Mwafrika anayeamua, tena anayeamua akiwa na mashaka. Waliosoma shule ya Jumapili wamewahi kumpita bila kujua: katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, yumo towashi anayemtumikia Kandake, malkia wa Kushi. Kandake halikuwa jina la mtu, kilikuwa cheo. Kandake wetu alitangulia yule wa towashi kwa zaidi ya nusu karne, na wanahistoria wengi humtambua kuwa ni Amanirenas.

Mazingira aliyokuwa nayo ni haya. Roma imeimeza Misri mwaka 30 KK. Miaka michache baadaye Aelius Gallus, gavana wa Misri, anapeleka sehemu ya jeshi lake Uarabuni. Huko kusini, Syene, mji tunaouita leo Aswan, unalindwa na vikosi vitatu. Watoza kodi wa upande wa pili wamewachosha watu wa mpakani. Je, unapiga sasa wakati mlinzi hayupo, au unasubiri? Ukipiga, je, Gallus atarudi lini? Na akirudi, atakuja na wangapi?

Hapo ndipo niliona kitu ambacho sikukiona katika miaka yangu yote ya kukaa kwenye dawati. Mvulana wa kidato cha tatu, ambaye wenzake walinitania kwamba darasani hajawahi kunyoosha mkono, aliitwa awe Kandake. Aliinamia boksi. Akauliza: "Dada, Uarabuni ni mbali kiasi gani?" Nikamwambia. "Na habari ikitoka Syene kwenda kwa huyo Gallus inakwenda na nini?" Na jahazi, nikasema, na ngamia. "Chakula chetu kinatosha siku ngapi?" Alikuwa na maswali tisa kabla hajagusa kizibo. Mwanafunzi wa uzamili akiuliza maswali hayo tisa katika semina, anasifiwa kwa uchambuzi.

Naomba tuitazame tofauti hiyo kwa makini. Darasani swali ni "Eleza sababu sita za Kushi kuishambulia Roma." Mezani swali ni "Wewe ni Kushi. Unashambulia?" La kwanza linamtaka mwanafunzi amkumbuke mwalimu wake. La pili linamtaka ajue njia, umbali, chakula, hali ya adui, na halafu achague akijua kwamba anaweza kukosea. Na ili achague vizuri, anazitafuta sababu zote sita mwenyewe, bila kuchapwa.

Kuna na suala la lugha. Historia ya sekondari wengi wetu tumeisoma kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayetafuta neno la kigeni hana nafasi ya kutafuta hoja. Kwenye boksi letu walizungumza Kiswahili. Walibishana, wakakatizana, wakaitana waoga. Kelele zilifika barabarani. Asiyejua kujieleza darasani alikuwa anajua sana kujieleza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wapinzani wangu hawalitarajii. Mchezo huu unafundisha kuhoji ushahidi kuliko kitabu chochote cha kiada nilichowahi kushika.

Kila kikosi kinahitaji namba ya nguvu. Nani ameamua kwamba Mkushi ana tatu na Mrumi ana tano? Simulizi refu tulilonalo la vita hii limeandikwa na Strabo, mwanajiografia aliyeandika kwa Kigiriki. Anasema Petronius, gavana aliyemfuata Gallus, alikwenda kusini na askari wa miguu wasiofika 10,000 na wapanda farasi 800, akakabiliana na watu 30,000. Anasema Wakushi walikuwa wamepangwa vibaya na wameshika silaha duni: ngao kubwa za ngozi mbichi ya ng'ombe, mashoka, wengine mikuki, wengine panga. Kwa maneno hayo, Kushi tuwape namba ndogo, tuendelee.

Lakini Strabo alikuwa rafiki wa Gallus. Alisafiri naye kupanda Mto Nile hadi Syene. Nilipowaambia hivyo, binti mmoja akanikazia macho: "Kwa hiyo shahidi wetu ni rafiki wa upande mmoja?" Naam. "Na upande wa pili hawakuandika?" Waliandika. Liko jiwe lililopatikana Hamadab, karibu na Meroe, lenye majina ya Amanirenas na mwanamfalme Akinidad. Herufi zake zinasomeka, ila lugha yenyewe bado haijaeleweka vya kutosha. Shahidi yupo, anasema, na hatumwelewi.

Wakanyamaza kidogo. Kisha ukaanza mjadala ambao ningelipa kiingilio kuusikiliza. Mmoja alitaka Kushi wapewe wapiga mishale wanne, kwa kuwa Wamisri wa kale waliita sehemu ya nchi hiyo Ta-Seti, Nchi ya Upinde. Mwenzake akapinga: jina hilo ni la zamani kuliko vita yenyewe kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na mtu hawezi kuhesabiwa silaha za babu yake. Wakaafikiana wawili. Namba za Strabo wakazipunguza, kwa hoja kwamba anayeshinda hupenda kuongeza idadi ya aliowashinda. Sijui kama walikuwa sahihi kuhusu Kushi. Najua kwamba walikuwa wanafanya kazi ya mwanahistoria, na kwamba kilichowalazimisha kuifanya ni kizibo kimoja cha soda kinachosubiri kuandikwa namba.

Hoja dhidi yangu nimezisikia tatu. Nazijibu kwa zamu.

Ya kwanza niliipata kijijini, kutoka kwa mzee mmoja anayekaa kwenye kijiwe cha kahawa. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akasema: "Binti yangu, tumekusomesha hadi chuo kikuu uje kucheza vizibo na watoto?" Mbele yake lilikuwapo bao, na mkononi alikuwa na kete. Nilimwambia, mzee wangu, wewe hapo una nyumba unayoilinda, una mtaji, unahesabu mizunguko mitatu mbele kabla hujatia mkono. Akacheka, ila hakukubali. Bao ni la wazee, akasema, wao kazi wameshamaliza. Hoja yake ndiyo hoja ya viongozi wetu wengi: kwamba mchezo ni adui wa kazi. Naielewa inapomhusu mtu anayekesha kwenye pool huku shamba linaota majani. Lakini kujifunza kuamua ni kazi. Nani mwingine anawafundisha vijana kazi hiyo? Shule inawafundisha kujibu.

Ya pili ni ya wasomi wenzangu, na ina uzito zaidi. Wanasema mchezo huu ni wa kigeni, ni wa wanaume wa Ulaya wenye nafasi, na unatutazama kwa jicho la kikoloni. Ni kweli, na ushahidi nitautoa mimi mwenyewe. Kampuni ya Wargames Foundry ya Uingereza ina mkusanyo wa wanasesere uitwao Darkest Africa, yaani Afrika ya giza totoro. Ndani yake wamo askari wa Kizanzibari. Wamo rugaruga, wapiganaji wa karne ya 19 waliozunguka nchi hizi hizi za kwetu. Chris Peers, Mwingereza, ametunga kanuni za kuwachezea ziitwazo Death in the Dark Continent. Giza tena.

Jina hilo linaniudhi. Kinachoniudhi zaidi ni hiki: yupo mtu Uingereza ambaye Jumamosi hii atakuwa anampaka rangi rugaruga, akiuliza alivaa nini, alibeba bunduki ya aina gani, alilipwa na nani, kwa sababu mchezo unamlazimisha kujua. Na yupo kijana wa Mbangala ambaye neno rugaruga kwake ni mstari mmoja chini ya kichwa "Athari za biashara ya misafara". Tukisusa mchezo kwa sababu wageni wameuchora vibaya, wao wataendelea kuuchora. Karatasi ya kanuni haina uraia. Prussia haikuniuzia hakimiliki ya udongo wa kichuguu. Namba ya nguvu ya Mkushi iliyoandikwa vibaya inaweza kufutwa na kuandikwa upya na binti wa kidato cha tatu, na nimemwona akifanya hivyo.

Ya tatu ndiyo niliyoitafakari kwa muda mrefu. Vita si mchezo. Sisi tunapakana na nchi nyingine, na barabara ya Tunduma inapitisha malori ya kwenda na kutoka Kongo, ambako watu wanauawa kweli. Kuwapa watoto majeshi ya kuchezea, si kuwazoesha damu?

Nitajibu kwa yaliyotokea. Tulicheza vita hii mara saba. Kushi walishindwa mara tano. Sikupanga hivyo, na nilikuwa naogopa kwamba watakata tamaa, au watanitaka nibadilishe kanuni ili Waafrika washinde. Hawakufanya hayo. Katika mchezo wa sita Petronius alikuwa amekwishachukua Primis, na jeshi la Kandake lilikuwa limebakiza kikosi kimoja tu kabla ya kushindwa. Binti aliyekuwa anacheza Kandake alishika dadu mkononi, hakuirusha. Akasema: "Kwa nini tusiombe kuongea?"

Kanuni hazikuwa na kifungu cha kuongea. Kanuni za pambano za De Bellis Antiquitatis zinaishia pambano linapoishia. Wakakaa chini wakatunga kifungu chao: kila upande unaruhusiwa kutuma mjumbe mara moja, mjumbe akiwa njiani jeshi lake halishambulii, na yule anayepokea mjumbe lazima aseme anataka nini hasa. Nusu saa nzima walibishana juu ya sentensi hizo tatu.

Ndipo nikawasimulia mwisho wa habari. Jeshi la Kandake lilikuwa limeiteka Syene na kubeba sanamu za Augustus. Petronius alikuja, akadai zirudishwe, akauliza kisa cha vita. Wajumbe wa Kushi wakasema wamedhulumiwa na watawala wa wilaya. Akawajibu kwamba mtawala wa nchi ni Kaisari, si hao. Wakaomba siku tatu wafikiri. Siku zikapita bila jibu, vita ikapigwa, Petronius akasonga hadi Napata, akaubomoa mji huo. Kisha akarudi nyuma, akaacha watu 400 Primis na chakula cha miaka miwili. Kandake hakuishia hapo. Alirudi na maelfu ya watu kuiendea ngome ile, Petronius akawahi kufika, na safari hii wajumbe walipotumwa waliambiwa: nendeni kwa Kaisari. Wakasema hawamjui Kaisari ni nani wala yuko wapi. Wakapewa wa kuwasindikiza. Wakamkuta katika kisiwa cha Samos, mwaka 21 au 20 KK, na akawapa waliyoyaomba yote. Hata kodi aliyokuwa amewatoza akaifuta.

Malkia aliyebomolewa mji alipata mezani pa maongezi alichokikosa uwanjani. Lakini angekipata kama asingerudi Primis mara ya pili? Hilo ni swali la historia, na vijana wanane waliligombania hadi giza likaingia. Hakuna aliyesema vita ni vizuri. Walikuwa wamewafinyanga wale askari kwa mikono yao na kuwapa majina ya utani. Kila kizibo kilipotolewa ubaoni kuna aliyesikitika. Anayezoea damu ni yule anayesoma "wengi walikufa" kama sababu ya nne, anaweka nukta, anaingia ya tano.

Na kuna kichwa cha Augustus. Mwaka 1910 wachimbaji wa mambo ya kale waliokuwa na John Garstang walikikuta Meroe, kichwa cha shaba nyeusi chenye macho yanayong'aa, kimefukiwa chini ya ngazi za jengo la ibada. Kila aliyepanda ngazi zile alikuwa anamkanyaga mfalme wa Roma. Leo kiko British Museum, London. Mtu alifikiri hilo. Mtu alisema, msikiyeyushe, kizikeni hapa mlangoni. Uamuzi mdogo, wa dhihaka, wa mtu aliyepoteza Napata na asiyekubali kuonekana ameshindwa. Nitajieni sababu sita zinazoweza kukichimbia kichwa kile pale bila mkono wa mtu.

Naandika haya kwa ukali kwa sababu nimeona lugha ya sababu ikitoka darasani na kuingia maishani. Kwetu mvulana akiacha shule kwenda machimboni, ukimuuliza anajibu: ugumu wa maisha. Binti akiolewa kabla ya kumaliza: ni hali. Sibishi, ugumu upo, na hali naijua. Lakini sikiliza sarufi yake. Hayumo ndani ya sentensi yake mwenyewe. Ameongea kama alivyofundishwa kuwaongelea babu zake, watu waliosababishwa. Sidai kwamba vizibo 24 vitamtoa mtu kwenye shimo la dhahabu. Nadai kwamba mtu aliyewahi kukaa mahali pa Kandake, akapima, akachagua, akabeba matokeo, hawezi tena kuridhika kirahisi na jibu la "ni hali". Ataanza kuuliza maswali tisa.

Basi nataka nini? Nataka mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Sasa lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na walimu wake bado wanatafuta njia ya kulifundisha lisigeuke ngonjera. Nataka kila muhula mada moja ichezwe. Nataka mtihani uwe na swali moja la namna hii: ungekuwa wewe, kwa yale tu yaliyojulikana siku ile, ungefanya nini, na ushahidi wako ni upi? Nataka idara zetu za historia vyuoni ziache kuona aibu, zikubali kwamba kutunga kanuni sahihi za pambano moja ni utafiti unaostahili kusomwa na jopo, maana kila namba ndani yake ni dai linalohitaji ushahidi.

Mimi nimeanza kazi ya pili. Kaskazini mwetu, Ukimbu, katika karne ya 19 alitawala Nyungu ya Mawe, aliyejenga dola kwa rugaruga wake na kuwaweka watwale wa kumsimamia nchi. Naye alikuwa na jicho moja, kama Strabo anavyosema kuhusu Kandake. Alipofariki mwaka 1884, aliyemrithi alikuwa mwanamke, Mgalula. Wale vijana wanane wameshaniuliza mwanamke huyo aliwashikaje watwale ambao jana yake walikuwa wa mtu mwingine. Hilo halimo kwenye orodha ya sababu yoyote niliyopewa shuleni, kwa hiyo itabidi tulicheze.

Udongo upo. Vizibo vipo. Dadu moja wanauza kila duka lenye ludo. Kinachotafutwa ni mwalimu atakayekubali darasa lake lipige kelele kipindi kimoja.